Mgahawa wa Kichina wa vyakula vya baharini Kuala Lumpur: ikiwa samaki hachinjwi, cheti cha halali ni cha nini?

Mama wa Mwembetanga ameuliza:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mungu akipenda, mwishoni mwa mwaka huu tunakwenda Malaysia kwenye mahafali ya binti yetu, ambaye anamaliza shahada yake katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu kilichopo Gombak, pembezoni mwa Kuala Lumpur. Tutakuwa mimi, baba yake na bibi yake mzaa baba. Muda wote aliokuwa huko ametunzwa na familia ya rafiki yake, Wachina wa Malaysia ambao baba na mama walisilimu kabla watoto wao hawajazaliwa. Tumeona si vyema kurudi Unguja bila kuwakalisha mezani na kuwashukuru, kwa hiyo tunataka kuwaalika chakula cha usiku, wao na sisi, jumla watu kumi. Binti ameshauri mgahawa wa Kichina wa vyakula vya baharini, kwa sababu wenyeji wake ndivyo wanavyokula wakiwa na shughuli, nasi watu wa visiwani hatuhitaji kubembelezwa kula samaki.

Hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani yalipokwama. Baba watoto anasema samaki hachinjwi na vya baharini ni halali, kwa hiyo mgahawa wowote wenye samaki wabichi unatosha alimradi tusiagize nyama. Binti anashikilia kwamba tusiingie mahali pasipo na cheti cha halali, hata kama hatutaagiza ila samaki na mboga. Mavyaa yangu, ambaye ni mtu mzima na mwangalifu sana wa mambo ya twahara, anasema hatagusa sahani iliyotoka jiko la Kichina hata akionyeshwa cheti cha namna gani. Atakula tende zake na kunywa maji. Sitaki akae na njaa kwenye karamu ya mjukuu wake, na sitaki pia wenyeji wetu, ambao ni Waislamu wenzetu, wahisi kwamba tunakitilia shaka chakula chao.

Naomba mwenye ujuzi anifahamishe. Kama ni samaki tu, cheti kinalinda nini hasa? Kaa, ambao nasikia ndio fahari ya migahawa hiyo, wana hukumu gani kwetu sisi tunaomfuata Imamu Shafi? Na mtu anaagizaje chakula cha watu kumi mahali ambapo bei ya samaki haikuandikwa kwenye menyu?

Aliyesoma Gombak amejibu:

Wa alaykum salaam mama, shikamoo, na hongera kwa mahafali ya binti. Mimi nilisoma chuo hicho hicho na sasa nafanya kazi Selangor, kwa hiyo nitajibu hili la cheti, na la kaa nawaachia wanaoijua fiqhi.

Binti yuko sahihi. Malaysia, cheti cha halali hutolewa na JAKIM, yaani Idara ya Maendeleo ya Kiislamu, pamoja na mabaraza ya dini ya majimbo, na kwa amri zilizotolewa mwaka 2011 chini ya sheria ya maelezo ya biashara hakuna chombo kingine cha ndani kinachoruhusiwa kutoa cheti hicho. Hata hivyo, kuomba cheti kumebaki kuwa hiari ya mwenye biashara. Matokeo yake ni kwamba utakutana na migahawa yenye cheti, migahawa ya Waislamu ambayo haijaomba cheti, na migahawa iliyobandika mlangoni tangazo la Kiingereza linalosema kwamba hapo hakuna nguruwe wala mafuta yake. Katika vyakula vya Kichina vya baharini, hili kundi la mwisho ndilo linalowachanganya wageni zaidi kuliko mengine, kwa kuwa mgeni akiliona tangazo hilo na tangi la samaki pembeni yake, huona hana la kuuliza tena. Tangazo linazungumzia mnyama mmoja tu. Halisemi chochote kuhusu mvinyo wa kupikia, wala kuku alikochinjwa, wala vyombo hivyo vilipikia nini mwaka uliopita.

Mgahawa wenye cheti umekaguliwa mpaka stoo. Wakaguzi hutazama kila chupa ya sosi inatoka kiwanda gani, nyama inanunuliwa kwa nani, na jikoni kuna wafanyakazi Waislamu au hakuna. Na pombe hairuhusiwi kuuzwa wala kupikiwa ndani ya mgahawa huo. Ikiwa mahali hapo pamewahi kupikwa nguruwe, vyombo na meza za kazi lazima vioshwe mara saba, moja ya hizo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kama ilivyo katika madhehebu yetu kuhusu najisi nzito. Naomba umweleze bibi jambo hili hasa, kwa sababu Wamalay ni Mashafi kama sisi, na kanuni zao za jikoni zimejengwa juu ya fiqhi ile ile aliyofundishwa yeye chuoni akiwa mtoto.

Mkifika, msiridhike na kuiona nembo. Kisomeni cheti chenyewe: kina jina la biashara, anwani ya tawi lile, na tarehe ya mwisho. Tawi moja likiwa na cheti, haina maana kwamba matawi mengine yanacho. Nimeshaona cheti kilichokwisha muda wake kikiwa bado kimetundikwa juu ya kaunta ya malipo, na mhudumu akawa anawaonyesha wageni kwa kidole bila wasiwasi wowote. Njia ya uhakika ni kutafuta jina la mgahawa katika tovuti rasmi ya Halal Malaysia au katika programu ya simu inayoitwa Verify Halal, na jambo hilo binti anaweza kulifanya siku hiyo hiyo kabla hamjaweka nafasi. Mohd Chan na Homst ni miongoni mwa majina ya migahawa ya Kichina ya halali yanayojulikana na watu wengi hapa, lakini hata hayo yaangalieni tawi kwa tawi.

Kuhusu wenyeji wenu, usiwe na hofu. Wachina waliosilimu hapa wamelibeba suala hili kwa uzito kuliko sisi sote, maana walipoingia katika Uislamu wengi wao waliambiwa na jamaa zao kwamba sasa wameacha kuwa Wachina, na mezani ndipo maneno hayo yalipouma zaidi. Chama chao, MACMA, kilichoanzishwa mwaka 1994, kimefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mwislamu na akabaki na lugha na vyakula vya wazazi wake. Ukiwauliza kuhusu cheti watafurahi, kwa sababu ni swali wanaloliuliza wao wenyewe kila wanapotoka.

Mpishi wa Nyali amejibu:

Mama, kwa heshima yako na ya mzee wa nyumba: mzee ana haki kuhusu samaki, lakini samaki haliwi peke yake. Nimefanya kazi katika jiko la Kichina kwenye hoteli za pwani na baadaye Dubai, katika majiko ya halali na yasiyo ya halali, na ninaweza kukueleza kinachotokea kati ya tangi la samaki na meza yenu.

Katika jiko la Kichina lisilo la halali, pembeni ya kila karai huwa kuna safu ya vibakuli ambavyo mpishi huchota kwa upawa bila hata kutazama: chumvi, sukari, sosi ya soya, sosi ya chaza, wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji, na mvinyo wa mchele wa Shaoxing. Mvinyo huo hauwekwi kwa ajili ya kulewesha. Huwekwa kuondoa shombo, kwa hiyo unakwenda zaidi kwenye samaki, kamba, ngisi na kombe kuliko kwenye chakula kingine chochote. Mtu anayeepuka nyama na kukimbilia vya baharini katika jiko la namna hiyo anakuwa ameisogelea pombe. Kombe wa supu, ambao Malaysia wanaitwa lala, kwa kawaida humiminiwa mvinyo mwishoni ili harufu yake ipande na mvuke, na kuna kamba ambao hulowekwa ndani ya mvinyo wakiwa hai.

Halafu ipo supu ya msingi. Kila jiko kubwa la Kichina huchemsha sufuria moja tangu asubuhi, yenye kuku, mifupa ya nguruwe na paja la nguruwe lililokaushwa, na upawa wa supu hiyo huingia karibu katika kila kitu, hata katika sahani ya mboga za majani ambayo mgeni anaiona haina tatizo. Sosi ya XO, iliyoanzia Hong Kong na inayopendwa sana na kamba na kombe, hutengenezwa kwa kamba wakavu, kombe wakavu na vipande vya paja hilo hilo. Mafuta ya nguruwe hutumika kukaangia wali na tambi kwa sababu yana harufu ambayo mafuta ya mbegu hayana. Na karai haioshwi kwa sabuni kati ya sahani na sahani. Husuguliwa kwa maji ya moto na ufagio wa mianzi, ikarudi motoni. Kwa hiyo hata ukimwomba mpishi mwema asiweke mvinyo wala supu, samaki wako ataingia katika karai iliyotoka kukaanga nyama ya nguruwe dakika moja iliyopita.

Jiko la halali hupika vyakula vile vile kwa njia nyingine, na mimi sikubaliani na wanaosema kwamba ladha hupotea. Shombo tunaliondoa kwa maji ya tangawizi yaliyokamuliwa, chumvi, na kuosha vizuri mshipa wa damu ulioshikamana na uti wa mgongo, kazi ambayo wapishi wavivu huiachia mvinyo. Supu ya msingi huchemshwa kwa kuku aliyechinjwa, mifupa yake na kamba wakavu. Sosi ya chaza yenye cheti inapatikana Malaysia kwa wingi, kutoka viwanda vya hapo hapo.

Ukitaka kujua jiko lina mpishi au halina, agiza samaki wa mvuke. Mwombe chewa, ambaye huko wanamwita kerapu, au siakap, ambaye ni wa ukoo mmoja na sangara wa Ziwa Victoria lakini ana nyama nyororo zaidi na mafuta machache. Achaguliwe akiwa anaogelea, awe na uzito wa kama gramu 800. Mpishi humpasua upande wa ndani kando ya uti ili joto lifike kwenye mnofu mnene sawasawa na kwenye mkia, humlaza juu ya vipande vya tangawizi na mashina ya vitunguu majani ili mvuke upite chini yake, na humwingiza pale tu maji yanapotokota kwa nguvu. Dakika nane hadi kumi zinatosha. Akitoka, yale maji meupe yaliyojikusanya kwenye sahani humwagwa yote, kwa sababu ndiyo yaliyobeba shombo. Huwekwa vitunguu majani vibichi vilivyochanwa kama nyuzi, humiminiwa mafuta ya moto mpaka vitunguu vilie, na sosi ya soya iliyotiwa sukari kidogo humwagwa pembeni, isimwagwe juu ya ngozi. Mnofu uachane na mfupa kwa kusukumwa tu na kijiko, huku ukiwa bado unang'aa. Ukiwa mkavu na umekatika vipande kama pamba, amepita muda wake, na una haki ya kusema.

Kwa bibi, samaki huyu ndiye ningemwekea mbele. Hakuna kitu kilichofichika ndani yake: anaona tangawizi, anaona kitunguu, anaona samaki mzima na kichwa chake, na upishi wenyewe haupiti kwenye karai.

Mwalimu wa Langoni, Lamu, amejibu:

Bi Mkubwa, nakusabahi kwa salamu njema, na namshukuru mpishi kwa maelezo yake ambayo yameniwekea msingi wa ninayotaka kusema.

Aya ya 96 ya Sura Al-Maida imehalalisha windo la bahari na chakula chake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari alisema kwamba maji yake ni twahara na maiti wake ni halali. Mume wako ameegemea dalili hizo naye hakukosea. Lakini kitu kilicho halali hunajisika kinapogusana na najisi hali ya kuwa kimojawapo ni majimaji, na khamri ni najisi kwa Mashafi, achilia mbali nguruwe. Abu Thaalaba al-Khushani alimuuliza Mtume kuhusu kula katika vyombo vya watu wa Kitabu, naye akamwambia asile humo akipata vyombo vingine, na asipopata avioshe kisha ale. Kuala Lumpur vyombo vingine vipo tele, kwa hiyo hamna dharura.

Jambo la sosi ya soya huwatia watu wasiwasi, kwa kuwa nayo huchachushwa na huwa na kiasi kidogo cha pombe inayojitokeza yenyewe. Wanavyuoni wa Malaysia katika mwaka 2011 walitenganisha pombe ya namna hiyo, inayozaliwa ndani ya chakula bila kukusudiwa ulevi, na ile iliyotengenezwa ili inywewe kama khamri. Ya kwanza haikiharamishi chakula, na ya pili haihalalishwi kwa kuchemshwa. Mvinyo wa Shaoxing uko katika fungu la pili.

Sasa kuhusu kaa. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafi, amemtaja kaa pamoja na chura na nyoka miongoni mwa wanyama wanaoishi nchi kavu na majini, na akawahesabu kuwa ni haramu. Kwa sababu hiyo wapo wazee wetu wa pwani ambao hawamli kaa mpaka leo, na wanaheshimiwa kwa hilo. Suala ambalo wanavyuoni wa zama hizi wamelirudia ni kama kaa huyu wa mikokoni anayeuzwa sokoni kweli anaishi nchi kavu. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2002, baada ya kuwasikiliza wataalamu wa viumbe vya majini, lilitoa fatwa kwamba ni mnyama wa majini, anapumua kwa matamvua na hutaga mayai yake majini, kwa hiyo ni halali alimradi hana madhara. Kamati ya Fatwa ya Malaysia nayo imemhalalisha kaa huyo kwa jina lake la kitaalamu, Scylla, ambaye ndiye yule yule anayetegwa katika mikoko yetu ya Lamu na ya Chwaka. Mimi naona hoja yao ina nguvu, na kaa huyo namla. Lakini mavyaa yako akibaki na kauli ya Minhaji asilazimishwe wala asibishiwe mezani, kwa maana yuko juu ya kauli ya madhehebu yake.

Nyongeza moja kuhusu adabu ya wageni: waulizeni wenyeji kabla ya kuagiza. Wachina wengi ambao Uislamu wao umetoka bara la China ni Mahanafi, na Mahanafi kwa asili ya madhehebu yao hawali cha baharini isipokuwa samaki. Kwao kaa, ngisi na pweza havimo, na kamba wana khitilafu. Waislamu wa Malaysia kwa wingi ni Mashafi, lakini mtu huweza kuwa amesilimu kwa mikono ya mwalimu wa madhehebu nyingine. Na kama katika msafara wenu yupo jamaa wa Kishia Ithnaashari, kwake ni samaki wenye magamba na kamba tu.

Mfanyabiashara wa Guangzhou ameongeza:

Naunga mkono maelezo ya mwalimu kuhusu Mahanafi kwa yale ninayoyaona huku. Watu wengi wa Kariakoo na Eastleigh wanaokuja Guangzhou kwa bidhaa hushangaa kwamba mji huu, ambao samaki hai wanauzwa kila kona, una migahawa michache sana ya halali inayopika vya baharini. Sababu ni kwamba migahawa ya halali hapa, ile yenye maandishi ya qingzhen, yaani halali kwa Kichina, kwa wingi inaendeshwa na Wahui na Wasalar, makabila ya Waislamu wa China, waliotoka Qinghai na Gansu, maeneo ya mbali na bahari, na chakula chao ni tambi za supu ya ng'ombe, nyama ya kondoo na mikate. Jirani na Xiaobei, ambako Waafrika na Waarabu wengi hufikia, utakula mwanakondoo mzuri sana kabla hujampata chewa. Vya baharini viko kwa Wakantoni, wenyeji wa huku Guangzhou, na mapishi ya Wakantoni ndiyo hasa yale aliyoyaeleza mpishi, na ile supu yake ya msingi.

China haina sheria moja ya taifa zima kuhusu chakula cha halali. Kila mkoa au mji una kanuni zake. Maandishi ya Kiarabu nayo si ya kutegemea, kwa sababu Beijing, kwa mfano, mwaka 2019 migahawa iliagizwa kuyaondoa, na mgahawa ukabaki wa halali bila alama ambayo mgeni angeitambua. Nawaambia wanaokuja: yajifunzeni kwa macho yale maandishi mawili ya Kichina ya qingzhen, na mkitaka samaki, mtafuteni mpishi wa Kihui anayekubali kuwapikia samaki mliyemnunua wenyewe sokoni. Kwa hiyo Bi Mkubwa, ukilinganisha na sisi, Kuala Lumpur imewarahisishia sana.

Mama wa Mwembetanga ameandika tena:

Nawashukuru mno, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimemsomea mavyaa yangu maelezo ya kuosha mara saba na ya samaki wa mvuke, akanitaka niyarudie, kisha akauliza kama samaki huyo anaweza kuletwa katika sahani yake peke yake. Nimechukua hilo kuwa ni jibu la kukubali. Baba watoto naye, baada ya kusoma habari za karai, amesema tumfuate binti. Rafiki wa binti ameulizwa kwa simu, na kumbe nyumba nzima ni Mashafi na kaa wanamla.

Limebaki suala la kuagiza na malipo. Sisi ndio wenyeji wa karamu, kwa hiyo sitaki baba watoto ashtuke mbele ya wageni, na wala sitaki tuonekane tunabana mkono.

Aliyesoma Gombak amejibu:

Alhamdulillahi mama. Hilo la sahani ya bibi linawezekana bila tabu: aagiziwe samaki mdogo wake mwenyewe, na mhudumu aambiwe mapema.

Bei ya samaki hai, kaa na kambakoche huandikwa kwenye menyu kwamba ni bei ya soko, au huandikwa kwa kila gramu 100, na hapo ndipo wageni wengi hushtuka, kwa sababu tarakimu wanayoiona wanadhani ni ya sahani nzima. Kaa mmoja mkubwa anaweza kufika kilo moja, kwa hiyo tarakimu ile huzidishwa mara kumi. Utaratibu unaokubalika hapa, na usiokuwa na aibu yoyote, ni mwenye karamu kunyanyuka na mhudumu mpaka kwenye tangi, kuchagua samaki, kutaka apimwe mbele yake, na kuuliza jumla ya ringgit, fedha ya Malaysia, kabla hajapelekwa jikoni. Sheria ya mwaka 2011 ya kudhibiti bei na kuzuia ulanguzi inamlinda mlaji, lakini kupima mbele ya macho kunamlinda zaidi. Baba aende na binti yake, wamalize hesabu huko huko kwenye tangi kabla wageni hawajakaa.

Chai ya Kichina italetwa bila kuulizwa na itatozwa kwa kila kichwa. Vitambaa vyenye unyevu na kisahani cha karanga huwekwa mezani tangu mwanzo, navyo hutozwa mkivitumia. Kama hamvihitaji, mwambieni mhudumu aviondoe na havitaingia kwenye bili. Juu ya jumla huongezwa kodi ya huduma ya asilimia 6, na baadhi ya migahawa huongeza asilimia 10 yake yenyewe.

Kwa watu kumi ningeagiza hivi. Samaki wa mvuke mmoja mkubwa kwa meza, mbali na wa bibi. Kamba wa siagi, ambao hunyunyiziwa nyuzi za kiini cha yai zilizokaangwa na majani ya mchuzi. Watoto na wazee huwapenda sawasawa. Kaa wawili au watatu katika mchuzi mmoja tu, na mimi ningechagua kam heong, mapishi ya Malaysia yenye kamba wakavu waliopondwa, bizari, pilipili na majani ya mchuzi, kwa sababu ulimi wa Mzanzibari utayatambua mara moja. Mchuzi wa pilipili na nyanya wa Singapore ni mtamu zaidi kwa maana ya sukari, nao huliwa kwa maandazi madogo ya Kichina yaliyokaangwa. Ngisi wa kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi ni sahani nzito, moja inatosha. Kisha kangkung, yaani matembele ya majini, yaliyokaangwa na belacan ambayo ni kamba waliosagwa na kuchachushwa; tofu kwa ajili ya asiyetaka pilipili; na wali mweupe kwa wote. Msiagize wali wa kukaanga pamoja na tambi, maana vitajaza matumbo kabla samaki hajafika, na sahani hapa huja kila moja inapokuwa tayari, bila kungojana.

Meza itakuwa ya duara na katikati ina sahani kubwa inayozunguka. Mgeni mkubwa kwa umri huzungushiwa sahani kwanza, na kwa kuwa bibi ndiye atakayekuwa mkubwa kuliko wote, wenyeji wenu watamwelekezea kichwa cha samaki kwa heshima. Mwambieni mapema ili ajue kwamba ni heshima. Kaa huliwa kwa mikono, na mezani huletwa koleo la kuvunjia gando, kwa hiyo hakuna atakayehangaika na vijiti. Na tarajieni mvutano wakati wa bili, kwa sababu kwa Wachina kama kwetu, mgeni naye hutaka kulipa. Njia ya kuliepuka ni baba kuacha malipo ya awali kaunta mnapoingia.

Mwisho, wekeni nafasi siku mbili tatu kabla, hasa kwa kuwa wiki ya mahafali familia zote zinatafuta meza. Mkipiga simu ombeni chumba cha faragha, ulizeni kama wana mahali pa kuswalia, na pangeni kufika baada ya Magharibi, ambayo hapa huingia kiasi cha saa moja ya usiku, ili msilazimike kuinuka samaki akiwa ndiyo kwanza amefika mezani.